Ada za Majukwaa ya Kukodisha Nyumba za Mapumziko: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wenye Nyumba na Wageni

Maswali haya ni yale ambayo wenye nyumba wa Diani, Watamu, Lamu, Unguja, Nairobi na Arusha hurudia kuuliza kila majukwaa yanapobadilisha ada, pamoja na yale ya wageni wanaoshangaa kuona bei ya usiku mmoja ikiwa kitu kimoja na bei ya kulipa ikiwa kitu kingine. Mifano ya hesabu iko katika shilingi za Kenya, lakini njia ya kukokotoa ni ileile kwa sarafu yoyote.

## Mambo ya msingi

1. Ada ya huduma ni nini, na inakwenda kwa nani?

Ada ya huduma ni fedha ambayo jukwaa lenyewe hubaki nayo kila nafasi inapowekwa. Si kodi ya serikali, si malipo ya usafi, wala si dhamana ya uharibifu, ingawa yote hayo huweza kuonekana kwenye risiti moja na kumchanganya msomaji.

Kuna njia tatu za kuitoza. Ya kwanza ni kumkata mwenye nyumba peke yake: ndivyo inavyofanya Booking.com, kampuni iliyoanzia Uholanzi mwaka 1996, ambayo hukata kamisheni inayozunguka asilimia 15 katika maeneo mengi na kumwacha mgeni bila mstari wowote wa ada. Ya pili ni kugawana: Airbnb, iliyoanzishwa San Francisco mwaka 2008, kwa miaka mingi ilimkata mwenye nyumba asilimia 3 na kumwongezea mgeni takriban asilimia 14. Ya tatu ni malipo ya mwaka kwa ajili ya tangazo, ambayo ndiyo Vrbo iliyoanza nayo mwaka 1995. Siku hizi mwenye nyumba mpya wa Vrbo hukatwa asilimia 8 kwa kila nafasi (5 za kamisheni na 3 za kushughulikia malipo), na mgeni naye huongezewa ada yake.

2. Je, ni kweli kwamba ada zimepanda?

Kwa mwenye nyumba mmoja mmoja, mara nyingi ni kweli. Kwa jumla ya soko, ukweli una pande mbili, na inafaa kuutazama taratibu, kwa kuwa anayekosea hapa atakosea pia anapopanga bei.

Chukua takwimu ambazo Airbnb yenyewe ilitangaza. Mwaka 2023 wageni waliweka nafasi zenye thamani ya dola bilioni 73.3, na kampuni ikapata mapato ya dola bilioni 9.9. Mwaka 2024 nafasi zilifikia dola bilioni 81.8 na mapato dola bilioni 11.1. Ukigawa, utaona kwamba katika miaka yote miwili kampuni ilibaki na takriban senti 13.5 kwa kila dola. Sehemu hiyo haikubadilika sana. Kilichobadilika ni mtu anayekatwa mbele ya macho yake: fedha ambayo zamani mgeni aliiona kama ada yake, sasa inazidi kutolewa kwenye malipo ya mwenye nyumba.

Uhamisho huo ulikuja kwa hatua. Desemba 2020 Airbnb iliwalazimisha wenye nyumba wengi wanaotumia programu za usimamizi, Afrika ikiwamo, kubeba ada yote wao wenyewe. Tarehe 27 Oktoba 2025 hatua hiyo iliwafikia wenzao katika nchi zilizokuwa zimeachwa, kama Marekani na Kanada, na kiwango kikawekwa kuwa asilimia 15.5 katika nchi nyingi.

Hata hivyo, yapo maongezeko ya kweli. Mwaka 2016 kampuni ya HomeAway, ambayo wakati huo ndiyo iliyomiliki Vrbo na ilikuwa imekwisha kununuliwa na Expedia, ilianza kuwatoza wageni ada ambayo haikuwapo kabisa hapo awali. Wenye nyumba waliokuwa wamelipia tangazo la mwaka mzima walilalamika sana, na kwa maoni yangu walikuwa na haki, kwa sababu walilipa ili wageni wao wasitozwe. Mwezi Aprili 2024 Airbnb nayo iliongeza ada kwa wageni wanaolipa kwa sarafu tofauti na ile ya tangazo (tazama swali la 13).

3. Kwa nini majukwaa yachukue fedha nyingi kiasi hicho?

Gharama kubwa zaidi ni matangazo. Mwaka 2023 Booking Holdings, kampuni mama ya Booking.com, ilipata mapato ya dola bilioni 21.4 na kutumia takriban dola bilioni 6.8 katika masoko, sehemu kubwa ikiwa ni kulipia nafasi za juu kwenye mitambo ya kutafutia. Maana yake ni kwamba mtu anapoandika «nyumba ya likizo Nungwi» na jukwaa likatokea la kwanza, jukwaa hilo limelipia mbofyo huo, na mbofyo huo hulipwa na kamisheni. Juu yake kuna makato ya kadi, huduma kwa wateja, fidia, na wanahisa wanaotaka faida.

Wengi hulinganisha jukwaa na dalali. Dalali wa Dar es Salaam huchukua kodi ya mwezi mmoja, mara moja, kisha mpangaji hukaa mwaka mzima bila yeye kurudi. Jukwaa hukata kila mgeni mpya anapoingia, na ndiyo maana nyumba yenye wageni wa siku mbili mbili huhisi makato hayo kuliko nyumba yenye wageni wa mwezi.

## Kwa wenye nyumba: hesabu

4. Nikihamishwa kutoka mfumo wa kugawana kwenda kwenye ada ya asilimia 15.5, nipandishe bei kwa kiasi gani?

Anza na fedha unayotaka ifike mkononi. Tuseme ulikuwa ukitoza shilingi 10,000 kwa usiku. Chini ya mfumo wa kugawana ulikatwa asilimia 3, ukapokea 9,700, na mgeni aliyetozwa ada ya asilimia 14 alilipa 11,400. Ukihamishwa na kuiacha bei ileile, utapokea 8,450, yaani pungufu ya 1,250 kila usiku.

Ili upate tena 9,700, gawa kiasi hicho kwa 0.845. Jibu ni 11,479. Hapo mgeni atalipa 11,479 badala ya 11,400, tofauti ambayo kwa hakika hataiona, nawe hutapoteza chochote. Kwa asilimia, umepandisha bei kwa 14.8.

Kosa linalorudiwa na wengi ni kutoa 3 kwenye 15.5, kupata 12.5, na kupandisha bei kwa asilimia hiyo. Bei huwa 11,250, na baada ya makato unabaki na 9,506. Shilingi 194 zimepotea kila usiku, na nyumba inayolala wageni usiku 150 kwa mwaka hupoteza zaidi ya 29,000. Sababu ni kwamba ada hukatwa kwenye bei mpya iliyopanda, si kwenye ile ya zamani. Ndiyo maana tunagawa, hatujumlishi.

Kabla ya kubadilisha lolote, fungua mipangilio ya malipo ujue uko mfumo gani. Kwa kawaida, kinachomhamisha mtu ni kuunganisha tangazo lake na programu ya usimamizi inayoendesha bei, nafasi na ujumbe kwa niaba yake. Kusawazisha kalenda mbili kwa kiungo cha kawaida tu hakuhesabiwi kuwa ni kuunganisha programu.

5. Niliambiwa asilimia 15.5. Mbona nikihesabu naona nimekatwa zaidi?

Kwa sababu ada haikokotolewi kwenye bei ya usiku peke yake. Airbnb huikokotoa kwenye jumla ya usiku wote pamoja na ada ya usafi na nyongeza ya wageni wa ziada, kabla ya kodi.

Tazama nyumba ya Diani inayotozwa 10,000 kwa usiku na 3,000 za usafi. Mgeni akikaa usiku nne, jumla ni 43,000, makato ni 6,665, na unapokea 36,335. Ukimlipa anayefanya usafi 3,000 zake, unabaki na 33,335 kati ya 40,000. Kwako wewe makato ni asilimia 16.7. Mgeni akikaa usiku mmoja tu, jumla ni 13,000, makato ni 2,015, na baada ya usafi unabaki na 7,985. Makato sasa ni zaidi ya asilimia 20 ya bei ya usiku huo. Kwa hesabu hiyo, mwenye nyumba anayeruhusu usiku mmoja ajue kwamba analipia ruhusa hiyo.

6. Je, nimpunguzie malipo mtu wa usafi, kwa kuwa jukwaa nalo limekata sehemu ya ada ya usafi?

Hapana. Aliyefua mashuka, akapiga deki na kutoa mchanga wa pwani kwenye mabomba ya bafu amefanya kazi ileile aliyoifanya kabla ada haijapanda. Jukwaa lilikata kwenye mkataba wako, si kwenye wake. Ukitaka 3,000 zake zifike kamili bila kukugusa, weka ada ya usafi kuwa 3,550 (yaani 3,000 ukigawa kwa 0.845). Jambo hili dogo ndilo ambalo ningependa kila msimamizi wa nyumba alirekebishe kabla ya jingine lolote, kwa sababu anayeumia ni mtu asiyeiona taarifa ya malipo.

7. Kamisheni ya Booking.com ni asilimia 15, lakini ninachopokea ni kidogo mno. Fedha inakwenda wapi?

Mara nyingi inakwenda kwenye mapunguzo uliyoyakubali bila kuyahesabu kwa pamoja. Mpango wa Genius, ambao ni mpango wa mapunguzo wa Booking.com kwa wateja wake, humpa mgeni wa kiwango cha kwanza punguzo la asilimia 10, na kuna viwango vya juu vyenye punguzo kubwa zaidi. Bei ya wanaotumia simu hukuhitaji kupunguza tena angalau asilimia 10. Kamisheni hukatwa baada ya hayo.

Fuata shilingi 10,000. Genius inaiacha kuwa 9,000. Punguzo la simu linaiacha kuwa 8,100. Kamisheni ya asilimia 15 ni 1,215, unabaki na 6,885, na kama jukwaa linakukusanyia malipo, kuna ada nyingine ndogo ya kazi hiyo. Ukiingia pia kwenye mpango wa washirika wanaopendelewa, ambao hukupandisha kwenye orodha ya matokeo, kamisheni yenyewe huongezeka. Ada rasmi haikupanda hata kidogo, lakini umepoteza karibu theluthi moja.

Sisemi mipango hiyo ni mibaya. Wakati wa masika, nyumba nyingi za pwani zinapokaa tupu, punguzo laweza kuleta mgeni ambaye asingekuja. Tatizo ni kuliacha liendelee hadi Agosti na Desemba, wakati nyumba ingejaa kwa bei kamili.

8. Niisomeje taarifa ya malipo?

Chukua nafasi moja tu na uandike mistari mitano kwa mkono: jumla aliyolipa mgeni, punguzo, ada ya jukwaa, kodi iliyozuiwa au kuongezwa juu ya ada, na kiasi kilichoingia benki. Kisha linganisha mstari wa mwisho na taarifa ya benki yenyewe. Benki ikipokea fedha kutoka nje huweza kukata gharama yake na kubadilisha fedha kwa kiwango chake, na tofauti hiyo huonekana benki tu, si kwenye jukwaa.

Kumbuka pia muda. Airbnb kwa kawaida huachilia malipo takriban saa 24 baada ya mgeni kuingia, kisha benki huongeza siku zake. Nafasi ya tarehe 30 huonekana mwezi unaofuata, na wengi hudhani wamekatwa kumbe fedha iko njiani.

9. Naruhusiwa kuweka bei nafuu zaidi kwenye tovuti yangu kuliko kwenye jukwaa?

Inategemea mkataba wako na mahali ulipo. Kwa miaka mingi Booking.com iliweka vifungu vinavyomzuia mwenye hoteli au nyumba kuuza kwa bei ya chini kwingine. Tarehe 19 Septemba 2024 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba vifungu vya namna hiyo si vya lazima kwa jukwaa kuendesha kazi yake, hivyo haviwezi kukwepa sheria ya ushindani kwa hoja hiyo. Kabla ya hapo, baada ya Tume ya Ulaya kuiweka Booking chini ya sheria ya masoko ya kidijitali mwezi Mei 2024, kampuni ilikuwa imeviondoa ndani ya Eneo la Kiuchumi la Ulaya.

Mwenye nyumba wa Malindi au Bwejuu asidhani kwamba uamuzi huo unamfikia moja kwa moja. Asome mkataba wake. Hata pale kifungu kinapokuwapo, kwa kawaida kinahusu bei inayotangazwa hadharani. Bei unayompa mtu aliyekupigia simu ni suala jingine.

## Kwa wageni

10. Kwa nini bei niliyoiona mwanzo si ile ninayotakiwa kulipa mwisho?

Kwa sababu kwa muda mrefu majukwaa yalionyesha bei ya usiku mmoja kwenye orodha, kisha yakaongeza usafi na ada ya huduma mgeni alipokwisha kuipenda nyumba. Njia hiyo ilimpumbaza mgeni na kumwadhibu mwenye nyumba mkweli aliyejumuisha kila kitu kwenye bei yake, kwa kuwa yeye ndiye aliyeonekana ghali.

Hali imebadilika kwa msukumo wa serikali zaidi kuliko kwa hiari. Tume ya Ulaya iliibana Airbnb mwaka 2018, na mwaka uliofuata wageni wa Ulaya wakaanza kuonyeshwa jumla tangu mwanzo. Desemba 2022 kampuni iliweka kitufe cha kuonyesha jumla katika nchi nyingine, na Aprili 2025 ikaifanya jumla hiyo, kabla ya kodi, kuwa ndiyo inayoonekana duniani kote. Marekani ilianza kutumia kanuni ya shirikisho ya kuonyesha bei kamili ya malazi ya muda mfupi tarehe 12 Mei 2025.

Kodi bado huweza kuongezwa mwishoni. Linganisha nyumba mbili kwa jumla ya mwisho tu, kwa tarehe zilezile na idadi ileile ya watu.

11. Je, jukwaa lisilomtoza mgeni ada ni nafuu zaidi?

Si lazima. Kama swali la 4 linavyoonyesha, mwenye nyumba anayekatwa yeye huiingiza ada kwenye bei. Nyumba ileile huweza kuwa kwenye majukwaa matatu ikiwa na sura tatu za bei na jumla inayokaribiana. Tofauti ya kweli hutokana na mapunguzo ya swali la 7, kwa hiyo mgeni mwenye akaunti ya Genius anaweza kupata nafuu halisi, inayotoka mfukoni mwa mwenye nyumba.

12. Nimeiona nyumba kwenye jukwaa. Nimwombe mwenyewe nimlipe moja kwa moja kwa M-Pesa ili tuikwepe ada?

Usifanye hivyo. Masharti ya Airbnb yanakataza kumtoa mgeni nje ya jukwaa, hata kwa nafasi za baadaye, na mwenye nyumba anaweza kufungiwa tangazo. Wewe nawe unapoteza ulinzi ambao ada iliulipia: ukifika ukakuta nyumba si ile, hakuna wa kukurudishia fedha wala kukutafutia pengine pa kulala.

Kuna hatari kubwa zaidi ya kuvunja masharti. Matapeli huchukua picha za nyumba yenye bwawa huko Nyali au Kiwengwa, huzitangaza kwenye mitandao ya kijamii kwa bei ya kuvutia, kisha huandika: «Tuma nusu sasa nikushikie, kuna mwingine anaitaka.» Familia hufika na mizigo usiku, mlinzi wa geti akawaambia nyumba hiyo haikodishwi.

Kulipa moja kwa moja si kosa ikiwa umempata mwenye nyumba kwa njia nyingine, kwa mfano kupitia ndugu aliyewahi kulala hapo au kwenye tovuti yake mwenyewe. Mwombe akupigie simu ya video akiwa ndani ya nyumba, angalia jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuthibitisha muamala kama linafanana na la mtu unayezungumza naye, omba risiti yenye tarehe na masharti ya kurudishiwa, na usilipe yote kabla ya kufika.

13. Nalipa kwa euro, nyumba iko kwa shilingi. Kuna ada ya ziada?

Ndiyo. Tangu Aprili 2024, mgeni wa Airbnb anayelipa kwa sarafu tofauti na ya tangazo anaweza kukuta ada yake ikifika asilimia 16.5. Jaribu kubadilisha sarafu ya malipo iwe ya tangazo, kisha ulize benki yako inatoza kiasi gani kwa malipo ya kadi ya nje. Kwa ndugu walioko Ulaya na Ghuba wanaoleta familia nyumbani kwa wiki tatu, tofauti hiyo inaweza kutosha nauli ya treni ya SGR kwenda Mombasa na kurudi.

14. Nikighairi safari, ada ya huduma inarudi?

Fuata sera ya kughairi iliyokuwa kwenye tangazo siku ulipoweka nafasi. Kwa kawaida, ukirudishiwa fedha zote, ada nayo hurudi. Ukirudishiwa sehemu, ada huweza kubaki. Piga picha ya skrini ya sera hiyo kabla ya kulipa.

## Kodi

15. Mbona kuna VAT juu ya ada ya jukwaa?

Ada ni malipo ya huduma, na nchi nyingi hutoza VAT kwenye huduma za kidijitali zinazotoka nje. Kiwango cha kawaida ni asilimia 16 Kenya, 18 Tanzania Bara na 15 Zanzibar. Ikiongezwa VAT ya Kenya, makato ya 6,665 katika swali la 5 huwa 7,731. Weka kiasi hiki kwenye hesabu ya swali la 4, la sivyo bei yako itakuwa pungufu. Aliyesajiliwa VAT aandike namba yake ya kodi kwenye akaunti, kwa kuwa utaratibu wake ni tofauti.

16. Jukwaa likikata ada yake, je, nimekwisha kulipa kodi ya mapato?

Hapana. Nchini Kenya, sheria iliyoanza tarehe 27 Desemba 2024 inataka jukwaa linalowezesha malipo lizuie asilimia 5 kwa mkazi na 20 kwa asiye mkazi, nayo ikizuiwa itaonekana kama mstari wake kwenye taarifa (swali la 8). Ada ya jukwaa ni gharama ya biashara. Hifadhi ankara zake, kwa sababu ndizo zinazokuwezesha kuonyesha kwamba hukupokea 43,000 bali 36,335. Wapo wanaotangaza mapato yaliyoingia benki tu na wapo wanaotangaza jumla bila kutoa gharama. Wote wawili wanajitafutia matatizo.

17. Dola 44 za bima ya Zanzibar ni ada ya jukwaa?

La. Ni bima ya lazima kwa wageni wa nje wanaoingia Zanzibar, iliyoanza tarehe 1 Oktoba 2024, na hulipwa kwa Shirika la Bima la Zanzibar. Mwenye nyumba amjulishe mgeni mapema, kwa kuwa wengi humlaumu yeye.

## Hali za pekee

18. Mgeni yuko ndani tayari na anataka kuongeza siku mbili kwa kunilipa mkononi.

Kwa nafasi iliyotoka kwenye jukwaa, siku za nyongeza ziongezwe humohumo. Siku ambazo hazimo kwenye mfumo hazina ulinzi: kiyoyozi kikiungua siku ya nyongeza, dai lako la fidia halina mguu wa kusimamia.

19. Msimamizi wangu huchukua asilimia 20. Aikate kabla au baada ya ada ya jukwaa?

Andikeni kwenye mkataba, kwa sababu tofauti ni kubwa. Kwa nafasi ya usiku nne ya swali la 5, asilimia 20 ya 40,000 ni 8,000, ilhali asilimia 20 ya 33,335 ni 6,667. Mtindo wa kwanza unamwacha mwenye nyumba abebe kila ongezeko la ada peke yake. Mtindo wa pili unawafanya wote wawili waumie kidogo, na humpa msimamizi sababu ya kutafuta wageni wa moja kwa moja. Naupendelea wa pili, mradi mshahara wa mlinzi na wa mtu wa usafi usiingizwe kwenye asilimia hiyo.

20. Naishi Ujerumani, nyumba yangu iko Kilifi. Je, mamlaka ya kodi ya Ujerumani inaona mapato yangu?

Chukulia kwamba inaona. Tangu mwaka 2023 majukwaa yanatakiwa chini ya maelekezo ya Umoja wa Ulaya yajulikanayo kama DAC7 kuripoti mapato ya wauzaji wanaoishi katika nchi wanachama, na ripoti hiyo huonyesha pia ada zilizokatwa. Takwimu utakazoandika ziendane nayo, na umuulize mshauri wa kodi jinsi kodi uliyolipa Kenya inavyozingatiwa huko.

21. Ada ikibadilika leo, nafasi zilizokwisha kuwekwa zitakatwa kwa kiwango kipi?

Kwa kawaida nafasi hubeba kiwango cha siku ilipowekwa. Tahadhari iko kwenye marekebisho: mgeni akibadilisha tarehe au idadi ya watu baada ya mabadiliko, hesabu huweza kufanywa upya kwa kiwango kipya. Kabla ya kubonyeza kukubali, soma kiasi utakachopokea kinachoonyeshwa kwenye ombi lenyewe. Kikiwa kimeshuka, mweleze mgeni kwa adabu na umpe bei iliyorekebishwa kabla hujakubali.